Mstari Niliouruka

Kwa miaka tisa makoti yangu meupe ya kazi yalishonwa na mtu mmoja. Duka lake liko nyuma ya soko la Kicukiro, chumba kimoja chenye cherehani mbili, meza ya kukatia vitambaa na pazia la kujaribia nguo. Siku ya kwanza nilimsalimia kwa Kinyarwanda, akanijibu kwa Kinyarwanda. Nikaanza kumweleza kwamba mifuko nataka ikae juu kidogo, kalamu zisinidondoke nikiinama kwenye mashine, na katikati ya maelezo neno likanitoka kwa Kiswahili. Akainua kichwa kutoka kwenye kitambaa.

"Wewe umekulia wapi?"

"Bujumbura. Buyenzi."

Akacheka, akanivutia kiti, na nguo za watu zikasubiri. Yeye alizaliwa hapa hapa Kigali, upande wa Nyamirambo. Babu yake alikuja kutoka pwani akiuza vitambaa, akaoa, hakurudi. Nyumbani kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya kugombezwa na lugha ya kubembelezwa. Kwangu pia. Mama yangu, Mkatoliki wa kwenda misa kila asubuhi, alinilea kati ya majirani Waislamu, na kila nilichojifunza kabla ya kwenda shule nilijifunza kwa lugha hiyo. Kisha tukarudi Rwanda. Kazini ni Kinyarwanda na Kiingereza, kanisani ni Kinyarwanda, na wanangu nikiwaita kwa Kiswahili wananijibu kwa Kinyarwanda. Kiswahili cha sokoni kipo, kile cha "bei iko ngapi" na "mzigo iko wapi," lakini hicho hakitoshi mtu kumwelezea mwenzake kwamba jana alimwota mama yake.

Kwa hiyo nikawa napita dukani hata nisipokuwa na koti la kushona. Nilimwita dada, maana ananizidi miaka saba. Aliniita mdogo wangu, na akiwa na utani aliniita daktari, ingawa alijua vizuri kwamba mimi ni mtu wa maabara tu, mtu anayekaa na damu ya wagonjwa bila kuwaona sura.

Mume wake alikuwa na duka la vyombo mlango wa pili: sufuria, chupa za chai, mabeseni. Yeye nilimwita shemeji. Mtu mrefu, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Kisukari kilikuwa kimemkalia miaka mingi, na mwishowe kikaingia kwenye figo. Daktari akamkataza ndizi, akamwambia maharage yachemshwe, maji yamwagwe, yachemshwe tena. Alilalamika kwa kila mteja.

"Shemeji, niambie wewe uliyesoma," aliniambia siku moja, sufuria mkononi. "Mnyarwanda ukimnyima ndizi na maharage, anabaki na nini? Anabaki na kitambulisho!"

Mke wake akamjibu kutoka kwenye cherehani bila kugeuka, "Anabaki na mke. Kaa kimya, ule kabichi yako."

Kila mwezi alikuja hospitalini kwetu kupimwa damu. Sitaitaja hospitali, na haina haja. Figo zikichoka, kuna chumvi moja ya damu inaitwa potasiamu ambayo hushindwa kutoka mwilini. Ikipanda sana, miguu inakuwa dhaifu, halafu moyo unasimama. Ndizi zina potasiamu nyingi. Kwa sababu hiyo alikatazwa, na kwa sababu hiyo alipimwa.

Naomba nieleze jinsi tulivyokuwa tunafanya kazi wakati ule, maana hapo ndipo mambo yote yalipotokea. Tyubu za damu zilifika kwetu zikiwa na namba iliyoandikwa kwa kalamu. Tuliziweka kwenye mashine ya kemia, mashine ikapima, kisha ikatoa ukanda mrefu wa karatasi laini, kama risiti ya dukani. Kwenye ukanda hapakuwa na majina, ni namba ya tyubu tu na matokeo yake, mstari mmoja kwa kila mgonjwa. Mmoja wetu aliuchukua ukanda, akaketi na daftari kubwa la matokeo, akanakili mstari baada ya mstari mbele ya majina. Kutoka kwenye daftari tukanakili tena kwenye fomu ya mgonjwa. Ukanda ukatupwa kwenye sanduku. Baada ya miezi michache wino wake ulififia wenyewe, ukabaki karatasi tupu.

Nilisifiwa kwa mwandiko. Hata wauguzi wa wodini walisema, wakiona fomu yangu hawahitaji kupiga simu kuuliza kama hii ni moja au saba. Nililipenda lile daftari. Kurasa zangu zilikuwa safi.

Ile Jumanne nimeitafuta kichwani mara nyingi kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Siikumbuki. Ningependa kusema kwamba umeme ulikatika, au mtu aliniita, au mwanangu alikuwa mgonjwa nyumbani kwetu Masaka, pembezoni mwa Kigali. Sina hata kimoja. Nadhani ilikuwa Jumanne kama nyingine. Nilikaa, nikanakili, nikasimama.

Ninachokumbuka ni simu. Dada alinipigia mchana.

"Mdogo wangu, shemeji yako alitoa damu leo asubuhi. Anasema miguu imelegea tangu jana, hata kupanda ngazi ya duka anashika ukuta. Daktari amemwambia majibu yakiwa mazuri aende nyumbani. Hebu nitazamie, roho itulie."

Nikalifungua daftari. Nikalipata jina lake. Potasiamu: nne nukta mbili, kwa mwandiko wangu mzuri. Hiyo ni namba ya mtu mzima mwenye afya.

"Iko sawa kabisa dada," nikamwambia. "Afadhali hata ya mwezi uliopita. Mwambie asiogope, ni uchovu tu."

"Alhamdulillahi. Mungu akuweke."

Alhamisi asubuhi shemeji aliamka kutawadha kwa ajili ya sala ya alfajiri, akaanguka mlangoni. Hawakuwahi hata kutafuta gari. Alizikwa siku hiyo hiyo alasiri. Niliomba ruhusa kazini, nikaenda kukaa na wanawake kwenye mikeka. Dada alikuwa amejifunga kanga mpaka kwenye nyusi. Aliponiona alinishika mkono, akanivuta karibu na sikio lake.

"Niambie ukweli wewe. Vile vipimo havikuonyesha kitu?"

"Havikuonyesha kitu, dada. Vilikuwa vizuri. Hakuna ambacho mngefanya."

Akatikisa kichwa taratibu. Niliona maneno yale yamemsaidia. Baadaye aliniambia mwenyewe kwamba katika wiki za kwanza ndiyo yaliyomlaza usingizi: kwamba hakuna ambacho wangefanya.

Ukapita mwaka na miezi kadhaa. Duka la vyombo lilifungwa, kisha mtu mwingine akalipanga, akaweka saluni. Dada aliendelea kushona. Mimi nilipita karibu kila Jumamosi, na mara nyingi tulizungumza habari za shemeji. Alianza hata kumcheka: jinsi alivyokuwa akinusa sufuria ya jirani, jinsi alivyomdanganya mkewe kwamba kabichi imeisha.

Ndipo vifaa vikafika maabara.

Tulikuwa tumetangaziwa muda mrefu kwamba mashine zetu zitaunganishwa. Kila tyubu itakuwa na stika ya mistari myeusi inayotolewa pale mgonjwa anapoandikishwa. Mashine itaisoma stika, itapima, na matokeo yataingia yenyewe kwenye kompyuta, kwenye jina la mgonjwa, bila mkono wa mtu kupita katikati. Friji za damu na dawa ziliwekewa sensa, yaani vidude vya kupima joto, na joto likipanda simu ya mkuu wa maabara inalia. Na tokeo likiwa la hatari, kioo cha kompyuta kinakuwa chekundu, na daktari wa wodi anapata ujumbe dakika hiyo hiyo. Wengine walinuna, hasa wa siku nyingi kama mimi. Mimi sikununa. Niliona ni jambo zuri, nikawa wa kwanza kujifunza.

Fundi aliyekuja kuunganisha alitoka kwenye kampuni moja yenye ofisi Kimihurura. Alikuwa mtaratibu, mwenye miwani, alivua viatu kabla ya kupiga magoti nyuma ya mashine ya kemia. Akachomeka kebo kwenye kisanduku kidogo, akafungua kompyuta yake, akatazama muda mrefu. Kisha akaniita.

"Mlijua kwamba hii mashine inatunza kumbukumbu?"

"Kumbukumbu ya nini?"

"Ya kila ilichopima. Hapa naona miaka miwili nyuma. Iko na tarehe, iko na namba ya tyubu, iko na kila kitu. Haijawahi kufutwa."

Alikuwa na furaha. Nami nikafurahi, kwa ujinga wangu. Mkuu wa maabara alipoambiwa alifurahi kuliko sisi wote. Wafadhili wa mradi walitaka kujua tulikuwa tunakosea kiasi gani kwa karatasi, ili baadaye waone kama vifaa vimesaidia. Sasa tuna njia, alisema. Tunachukua daftari, tunachukua kumbukumbu ya mashine, tunalinganisha mstari kwa mstari. Kazi hiyo akanipa mimi, pamoja na mwenzangu mmoja mdogo kwangu kazini, binti mpole aliyemaliza masomo juzi. Akasema, "Wewe unaijua miandiko ya kila mtu."

Tulikaa siku nne. Mwenzangu alisoma kwenye kompyuta, mimi nilishika daftari na rula. Yeye anasema namba ya tyubu na matokeo, mimi nasema "ndiyo," tunaendelea. Makosa yalikuwepo. Nukta iliyosahaulika, tarakimu zilizobadilishana nafasi. Tulipata la mwenzetu aliyekwisha kustaafu, tukacheka kidogo, maana alikuwa mkali sana. Tuliyaandika pembeni. Mengi hayakuwa na madhara.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, mwenzangu akasoma namba ya tyubu, akasema, "Potasiamu, sita nukta tisa."

Rula yangu ilikuwa juu ya nne nukta mbili.

"Rudia," nikamwambia.

"Sita nukta tisa. Na mashine imeweka alama ya kwamba iko juu."

"Inayofuata?"

"Inayofuata nne nukta mbili."

Nikatazama mstari wa chini kwenye daftari. Nne nukta mbili. Na wa juu, nne nukta mbili. Mbili zinazofanana zimefuatana, kwa mwandiko wangu, safi, hazina hata mkwaruzo. Jicho langu lilikuwa limeruka mstari mmoja wa ukanda, likachukua tokeo la mgonjwa wa chini, kisha likarudi mahali pake na kuendelea vizuri. Ile sita nukta tisa haikuandikwa popote. Kwa mwaka mzima na zaidi ilikuwa ndani ya mashine, mita mbili kutoka kwenye kiti changu.

Ndipo nikatelezesha rula upande wa kushoto kusoma jina.

Mwenzangu anasema nilisimama, nikaenda kunawa mikono. Anasema niliinawa muda mrefu mpaka akaja kufunga maji. Mimi nakumbuka tu kwamba maji yalikuwa ya baridi na kwamba nilimuuliza, "Sita nukta tisa mtu anapona?" na yeye, ambaye hakujua namzungumzia nani, akanijibu kama mwanafunzi mzuri, "Akiwahishwa, mara nyingi anapona. Kuna sindano."

Jioni hiyo nilimwambia mkuu wa maabara. Nilimwambia yote: jina, simu, msiba, maneno niliyosema kwenye mkeka. Alikuwa mtu mwema, na bado ni mtu mwema. Alifunga mlango, akanimiminia chai.

"Kwanza usijiue kwa mawazo," alisema. "Yule mgonjwa alikuwa na figo mbovu, na kisukari. Huenda angekufa hata hivyo. Hakuna anayeweza kusema."

"Lakini daktari angeiona ile namba asingemruhusu kwenda nyumbani."

Akasogeza kikombe changu karibu nami.

"Familia lazima iambiwe," nikasema.

"Itaambiwa. Ngoja kwanza nizungumze na wakubwa. Kuna utaratibu. Usiende peke yako, tafadhali. Kwa ajili yako mwenyewe."

Nikangoja wiki ya kwanza. Jumamosi sikupita dukani, dada akanitumia ujumbe: Umenisusa, daktari? Makoti yako mawili tayari. Wiki ya pili nikauliza, nikaambiwa suala liko kwa wanasheria. Wiki ya tatu nikakutana na dada ana kwa ana sokoni, akanikumbatia, akasema nimekonda, akanitilia maembe mawili kwenye mfuko wangu. Nilifika nyumbani Masaka nikakaa kwenye ukuta wa shamba nikiwa na yale maembe mapajani, nikaona siwezi tena.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda. Alikuwa peke yake, anashona sare za shule, rundo la buluu mezani. Nilikaa kwenye kiti kile kile. Nikamwambia nina neno, naomba asimamishe cherehani.

Nilijiandaa kueleza mambo ya ukanda, ya daftari, ya mashine. Nilipofungua kinywa yote yalitoka kinyume.

"Dada, vipimo vya shemeji havikuwa vizuri. Vilikuwa vibaya sana. Mimi ndiye niliyeandika vibaya."

Alinitazama kana kwamba nimeongea lugha asiyoijua.

"Vipi?"

Nikamweleza, safari hii kwa utaratibu. Kwamba mashine ilisema kweli. Kwamba mimi niliruka mstari nikampa majibu ya mtu mwingine. Kwamba tumeyaona sasa, tulipounganisha mashine na kompyuta. Kwamba aliponipigia nilimsomea kosa langu mwenyewe. Hakunikatiza. Mkono wake wa kulia ulibaki kwenye gurudumu la cherehani muda wote.

Nilipomaliza akasema, polepole, "Uliniambia yuko sawa."

"Nilikuambia."

"Nikafurahi." Akautoa mkono kwenye gurudumu. "Alikuwa ameililia ndizi miezi mitano. Nikasema leo majibu yamekuwa mazuri, acha nimfurahishe. Nikaenda sokoni mwenyewe. Nikampikia ndizi na maharage, sufuria nzima. Alikula mara mbili. Siku ya pili akala kiporo."

Sikulijua hilo. Hakuwahi kuniambia, nadhani kwa sababu kwake lilikuwa jambo zuri, la kwake peke yake: kwamba mumewe alikufa akiwa ameshiba kitu anachokipenda. Nikaona uso wake ukilielewa mbele yangu, neno kwa neno, na hakukuwa na mahali pa kumshika ili asifike mwisho.

"Basi ni mimi niliyempa," akasema.

"Hapana dada! Hapana. Ni mimi. Wewe ulifuata nilichokuambia."

"Mkono ulikuwa wangu."

Nikapiga magoti. Sijui kama nilifanya vizuri. Nililia, na yeye hakulia. Baada ya muda akasimama, akaenda kwenye ukuta, akayatoa makoti yangu mawili kwenye msumari, akayakunja vizuri kama alivyoyakunja siku zote, mikono ndani, kola juu. Akanipa.

"Urakoze kubimbwira," akasema.

Asante kwa kuniambia. Aliyasema kwa Kinyarwanda, kwa sauti anayotumia kwa wateja. Katika miaka tisa, tangu salamu ile ya kwanza, tulipokuwa wawili hakuwahi kunisemesha hivyo.

Mambo ya hospitali yalikuja baadaye. Mkuu wa maabara alinikasirikia kwa siku mbili, kisha nadhani alipumua. Familia ikaitwa. Dada alikuja na shemeji zake wawili, ndugu za marehemu, wazee waliovaa kofia za kushona. Wakubwa waliomba radhi, na nakiri waliomba kwa heshima. Ndugu mmoja aliuliza kama kuna kesi, mwingine akamwambia anyamaze. Dada hakuuliza habari za kesi wala fidia. Alisema anataka kuona.

Tukashuka maabara. Nilimfungulia daftari kwenye ukurasa ule, mwenzangu akafungua kompyuta. Aliinama. Hakuvaa miwani yake, akasogeza uso karibu na karatasi, akaweka kidole kwenye jina la mumewe, akakifuata mstari mpaka mwisho.

"Hii nne ni ya nani?" aliuliza, kwa Kinyarwanda.

"Ya huyu wa chini."

"Na yeye alipewa ya mume wangu?"

"Hapana. Yeye alipewa yake mwenyewe."

"Ni mzima?"

Nikamtazama mwenzangu. Hatukujua. Hatukuwahi kutafuta. Mwenzangu akaandika kitu kwenye kompyuta, akasema mgonjwa huyo alikuja kupimwa mwezi uliopita, yuko hai.

"Vizuri," dada akasema. Akafunga daftari mwenyewe, kwa mikono miwili.

Sikuadhibiwa. Niliitwa kwenye kikao, nikaeleza, wakaandika. Ripoti ilisema chanzo ni mfumo wa kunakili kwa mkono, si mtumishi. Watu walinipongeza kwa kusema ukweli. Nilipewa siku tano za kupumzika, nikazitumia kulima kijishamba changu cha viazi, nikichimba mpaka viganja vikatoa malengelenge. Ningependa wangenikata mshahara, au wangenihamisha, au mtu mmoja tu angenifokea. Kila mtu alinisemesha kama mgonjwa.

Mume wangu alinivumilia sana. Aliniambia, "Umefanya kazi miaka kumi na sita. Hesabu wangapi wamepona kwa mkono wako." Nilijaribu. Lakini ukiwa maabara huwajui waliopona. Wanaondoka na fomu zao. Nilimjua mmoja tu.

Miezi kadhaa baadaye mradi ukafanya mkutano mkubwa Kimihurura, kwenye ukumbi wenye zulia zito na wakalimani kwenye vibanda vya kioo. Tulialikwa wote wa maabara. Nilivaa mshanana wangu wa zambarau, vazi letu la sherehe. Mzungumzaji mmoja, mgeni, alionyesha picha za mashine zetu, za stika, za friji zenye sensa. Kisha akaonyesha picha nyingine. Ilikuwa sehemu ya ukurasa wa daftari, jina limefunikwa kwa weusi. Nne nukta mbili, nne nukta mbili, na pembeni kwa rangi nyekundu, sita nukta tisa.

"Kosa dogo kama hili," alisema, "linagharimu maisha. Leo haliwezekani tena."

Ukumbi ukapiga makofi. Watu waliokaa karibu nami walipiga makofi. Niliutazama mwandiko wangu ukutani, mkubwa kama dirisha, na nikafikiri jinsi ulivyo mzuri. Hakuna aliyekuwa amenikosea. Jina halikuwepo. Mwenzangu, aliyekuwa kiti cha pili, aliacha mikono yake mapajani, kisha akaushika mkono wangu.

Kwa dada sikurudi. Yaani nilirudi, mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa na wateja, akanisalimia "Muraho," nikasimama, nikaondoka. Mara ya pili nilimpelekea binti yake zawadi ya harusi, dada akaipokea kwa mikono yote miwili, akanishukuru, hakunikaribisha kiti. Mara ya tatu ilikuwa Idi. Nilibeba mchele na nyama kama nilivyofanya kila mwaka. Alitoka mlangoni, akavipokea, akasimama kidogo.

"Sina chuki na wewe," aliniambia. "Nimemwambia Mungu hivyo, na nakuambia wewe. Lakini nikikuona, nasikia harufu ya ndizi. Unaelewa?"

Nilisema naelewa. Tangu hapo nikija Kicukiro napita barabara ya juu. Makoti nanunua yaliyokwisha kushonwa, mikono ni mirefu, naikunja.

Siku hizi sikai tena maabara kila siku. Mradi umeanza kuingia kwenye vituo vidogo vya afya, na mimi ni mmoja wa wanaofundisha. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye kituo kimoja huku kwetu Masaka. Walikuwa watu sita kwenye chumba cha chanjo, wengi wao wauguzi wa siku nyingi, wenye madaftari yao wanayoyapenda. Niliona nyuso zile zile tulizokuwa nazo sisi. Nikawaeleza kwa nini tunabadilisha. Nikawaambia habari za mistari miwili inayofanana, na za mwanamume mmoja aliyerudishwa nyumbani.

Muuguzi mmoja, mama mtu mzima aliyekaa karibu na dirisha, alinisikiliza amekunja mikono.

"Na huyo aliyeandika," akauliza, "walimfanya nini?"

"Hawakumfanya kitu," nikasema. "Ni mimi."

Nje mtu aliwasha pikipiki, akaondoka. Yule mama akakunjua mikono yake, akaiweka mezani. Hakusema pole, na nilimshukuru moyoni. Akachukua tyubu moja kwenye trei, akaigeuza geuza, akaniuliza kama stika inashika vizuri kwenye tyubu iliyotoka kwenye friji.

"Haishiki," nikamwambia. "Inakuwa na majimaji. Ifute kwanza ikauke, ndipo ubandike."

Akaifuta kwa pindo la koti lake. Wengine wakasogeza viti karibu, nami nikawaonyesha jinsi ya kuibandika ikae wima, ili mashine iisome.